Kengele ya Mfululizo

Praha, 9 Februari 1975

Baba Mkubwa Evarist, shikamoo.

Naanza na kifua chako, maana Mama ameniandikia kwamba kikohozi kimerudi na kwamba hutaki kwenda hospitali Mpanda kwa sababu, eti, foleni ya pale itakuua kabla ya kikohozi. Nilicheka, kisha nikaacha. Nenda, Baba Mkubwa. Mwambie Mama akusindikize.

Mimi sijambo. Baridi ya huku nimeizoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Nakula viazi asubuhi na jioni. Yule mwenzangu Cyriaque, Mrundi niliyekutajia, anawasalimu. Shangazi zake walikimbilia huko kwetu, wako makazi ya Katumba, na kila nikipata barua yenye muhuri wa Mpanda ananiomba aishike tu, hata kama si yake kuisoma.

Sasa jambo lenyewe. Hapa chuoni tunatengeneza lugha. Usinicheke. Si ya watu, ni lugha ya kuiamuru kompyuta, ile mashine ya hesabu inayojaza chumba kizima. Amri zinatobolewa kwenye kadi, mashine inazisoma moja moja na kutenda. Mwakani lugha yetu itaongoza matanuru ya kiwanda kimoja cha glasi: ongeza moto, punguza, fungua, funga. Kila amri kamili ina sehemu tatu: tanuru lipi, lifanywe nini, kwa kiasi gani.

Mwaka jana mimi nilibuni njia za mkato. Mtu asipotaja tanuru, mashine inachukua lile lililotajwa mwisho. Asipotaja kiasi, hali kadhalika. Na ipo kadi moja fupi kuliko zote, ina neno moja, ZIMA. Haina tanuru wala kiasi. Mashine ikiisoma, inazima kila kitu. Watu wa kiwandani waliozijaribu wanazipenda sana njia hizi. Lakini Profesa Havlena, mkuu wetu, anataka zote ziondolewe. Anasema mwanya wowote unaouacha mashine itaujaza yenyewe, na siku moja itaujaza vibaya. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu, nami ndiye bado sijasema. Kura ni mwezi wa Juni.

Nakuuliza wewe kwa sababu ya ule ubao wa mgodi wa Kampanga uliokuwa ukutani kwako, wenye alama zote za kengele kwa mwandiko wako. Nilijifunza kusoma juu ya ubao ule kabla ya kwenda shule. Wewe uliwahi kuamua jambo kama hili. Uliamuaje?

Mwanao,
Pelagia


Litapunga, 24 Machi 1975

Mwanangu Pelagia, marahaba.

Barua yako imekuja na treni ya Tabora, nikaisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama na mara ya pili nimekaa. Mama yako Romana hajambo, anakuombea kila Jumapili kwa sauti ambayo jirani hawezi kusingizia kwamba hakuisikia. Tunakula yanga, ule unga wa njano wa msaada. Watoto wamezoea, sisi wazee tunaulalamikia na tunaumaliza. Mwambie kijana wa Burundi kwamba nitauliza Katumba. Anitumie majina ya shangazi zake.

Tangu Operesheni ya vijiji ituhamishe, nyumba yangu iko karibu na shule mpya. Unaweza kuuona mlima wa Kampanga ukiwa mlangoni pangu. Sikuomba kiwanja hiki. Nilipewa.

Swali lako ni jepesi. Ondoa zote.

Nakueleza sababu. Kule mgodini mawasiliano kati ya watu wa chini na winchi ya juu, ile mashine ya kupandisha na kushusha ndoo ya watu na mawe, yalikuwa kamba na kengele. Walikuwepo Wabende, Wafipa, Wanyamwezi, Warundi, na kila mmoja aligonga kwa namna ya kwao. Mimi, karani pekee aliyetoka seminari, nilipewa kazi ya kupanga alama. Nikapanga sehemu tatu, kama zako: kwanza ngazi ya shimo, halafu mzigo, ni watu au mawe, halafu kupanda au kushuka. Kati ya sehemu na sehemu, pumzika.

Lakini watu walikuwa na yao, waliyoibuni wenyewe kabla yangu. Waliiita kengele ya mfululizo. Mtu anaitikisa kamba ovyo bila kuhesabu, na maana yake ni vuta, vuta sasa, popote tulipo. Siku moja kijana mmoja aliitikisa kwa sababu tu alikuwa amechoka na anataka kutoka. Winchi ikavuta. Fabiani alikuwa bado ana mguu mmoja kwenye ngazi ya mti na mwingine kwenye ndoo. Mguu ule alibaki hana. Unamkumbuka Fabiani, aliyekuwa akishona viatu akikaa kwenye gunia.

Nikaifuta. Nikatangaza kwamba atakayegonga mfululizo ataachishwa kazi siku hiyo hiyo. Profesa wako anajua anachosema.

Hayo yanatosha. Mwalimu mkuu wa hapa ameitafutia shule kengele, wameishusha kutoka Kampanga kwenye mabaki ya mgodi. Inanisumbua kidogo, lakini watoto lazima waitwe darasani.

Baba yako mkubwa,
Evarist


Praha, 2 Mei 1975

Shikamoo Baba Mkubwa.

Ahsante kwa barua. Theluji imekwisha, miti imetoa maua, na Cyriaque amenunua baiskeli mbovu ambayo anaisukuma zaidi ya kuipanda. Majina ya shangazi zake ameyaandika kwenye karatasi hii ndogo. Mkubwa kati yao anaitwa Tereza.

Nilimsomea maneno yako juu ya Fabiani. Akasema, "Sawa, mzee amesema kweli. Lakini muulize, nyumba ikiungua na yeye yuko ndani, atanipigia kelele 'moto!' au ataniandikia barua yenye tarehe na anwani?" Nikamwambia wewe ungeandika barua. Usikasirike, ni utani.

Ila utani wake umenikaa. Njia zangu za mkato si za aina moja, Baba Mkubwa. Ile ya kuacha kutaja tanuru ni ya kumpunguzia mtu kazi. ZIMA si ya kupunguza kazi. Profesa anasema ukianza kuchagua utabaki na zote. Pengine.

Kuna jambo nataka kuliuliza. Mwendesha winchi alikuwa Baba yangu. Ulipoifuta kengele ya mfululizo, yeye alikuwa upande gani? Sijawahi kusikia mtu akisema Baba alifikiri nini juu ya kitu chochote. Nasikia tu alichofanya.

Na nyingine: Mama anasema unamsumbua mwalimu mkuu aishushe kengele ya shule, mpaka watoto wamekutungia mchezo. Kuna nini?

Mwanao,
Pelagia


Litapunga, 11 Juni 1975

Mwanangu Pelagia, marahaba.

Mvua zilikuwa chache lakini mahindi ya bondeni yamepona. Mama yako amevuna magunia ya kutosha. Nilikwenda Mpanda, foleni haikuniua. Daktari, kijana mpole, alisikiliza kifua changu kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kwa mtu mwenye habari njema.

Katumba nimetuma mtu. Tereza yupo. Ana shamba la mihogo na wajukuu wawili. Alipoambiwa kijana wao yuko hai Ulaya, alikaa chini palepale njiani. Mwambie hivyo Cyriaque.

Juu ya kengele ya shule, sauti yake ni kali tu, na mimi ni mzee. Watoto wacheze.

Asali kutoka Inyonga imekuja nzuri mwaka huu. Nimekuwekea chupa mbili.

Juu ya kura yako nimekwisha kujibu.

Evarist


Praha, 3 Julai 1975

Shikamoo Baba Mkubwa.

Cyriaque alilia mbele ya watu wote kantini, kisha akanibeba juu kama gunia. Amesema wewe sasa ni babu yake, upende usipende.

Kura imeahirishwa mpaka Septemba, Profesa anaumwa.

Umenijibu mahindi, hospitali, Katumba, na asali. Nilikuuliza juu ya Baba yangu.

Shuleni waliniita binti wa Mkono Mzito. Unajua hilo, kwa sababu siku moja ulikuja na fimbo ukawatawanya. Nilikuwa mdogo, nikafikiri umewakomesha kwa kuwa wanasema uongo. Nilipokua nikaelewa kwamba kila mtu mzima anasema vilevile: Damiano alikuwa kwenye winchi, maji yakaingia shimoni, wenzake wawili wakamwita, mkono wake ukawa mzito, wakafa. Ndiyo maana akahamia msituni Inyonga kuishi na nyuki, na homa ikamkuta huko peke yake. Nimeikubali habari hii maisha yangu yote. Nadhani hata mashine hizi nilizipendea kwamba hazina mkono wa kuwa mzito.

Sikuombi umtetee. Nataka kujua alifikiri nini. Kama hutaki kuniambia, niambie kwamba hutaki, nami sitauliza tena.

Pelagia


Litapunga, 17 Agosti 1975

Mwanangu Pelagia,

Safari hii sitaanza na mvua.

Daktari amesema mapafu yangu hayatauona mwaka mpya. Padri amekuja, nimeungama, amenipa mafuta matakatifu. Lakini niliyemkosea si padri, na nilipomaliza kuungama kengele ya shule ikalia nikaona hakuna kilichopungua.

Baba yako alipinga. Umeuliza upande wake, ndio huo. Siku niliyobandika ubao alikuja ofisini na mikono ina grisi akasema, "Kaka, hii ya mfululizo usiifute. Waadhibu wanaoichezea, lakini iache." Nikamwambia lugha haiwezi kuwa na neno ambalo halisemi nani, wapi, wala kiasi gani. Akasema, "Mimi nasikia kamba. Mtu mvivu anaitikisa kivivu. Mtu anayekufa anaitikisa kama anayekufa." Nikamcheka. Nilimwambia mkono wake si sheria. Alikuwa mdogo wangu, hakusoma zaidi ya darasa la nne, nami nilikuwa nimesoma Kilatini.

Siku ya maji nilikuwa ndani ya chumba cha winchi. Hili halijui mtu yeyote wa nyumbani. Nilikuwa nimekwenda kuhakikisha zamu mpya inafuata ubao. Chini walikuwepo Sixte na Telesfori. Kengele ikagonga mbili: ngazi ya pili. Ikapumzika. Ikagonga tatu: watu. Ikapumzika. Ilibaki sehemu ya mwisho, pigo moja kupanda au mawili kushuka.

Haikuja.

Damiano alikuwa na mkono kwenye mpini. Alinigeukia. Akasema, "Kaka, kamba hii si nzuri." Nikasema, "Ngoja."

Nimejiuliza tangu siku hiyo ningesema nini kingine. Nilikuwa nawaza mguu wa Fabiani. Nilikuwa nawaza pia, nakwambia kweli, kwamba akivuta bila alama kamili ubao wangu utakuwa umekufa mbele ya zamu nzima. Tukangoja. Halafu tukasikia maji. Damiano akavuta bila kuniuliza, ndoo ikapanda imejaa maji ya kijivu na kofia moja.

Sixte alikuwa mtu wa kufuata amri. Angeweza kuitikisa kamba ile mfululizo, mkono wake ulikuwepo, muda ulikuwepo. Aligonga kwa utaratibu niliomfundisha, akapumzika pale nilipomwambia apumzike.

Bado sijafika kwenye baya lenyewe.

Alikuja mkaguzi, Mwingereza. Damiano aliulizwa, na mkalimani nilikuwa mimi. Baba yako alisema, "Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini. Kaka yangu akaniambia ngoja, nikangoja." Nikamtafsiria mkaguzi: "Mkono wangu ulikuwa kwenye mpini. Nikangoja."

Mimi niliyewakataza watu wasiojua kusoma wasifupishe, nilifupisha. Na mkaguzi akaujaza mwanya mwenyewe, kama Profesa wako anavyosema, akaandika kwamba mwendesha winchi alizubaa.

Damiano alijua Kiingereza cha kazini. Aliisikia tafsiri yangu. Alinitazama, nikadhani atasema. Hakusema. Akaachishwa kazi, akapewa lile jina, akaondoka. Mimi nikabaki na mshahara, na kwa mshahara huo nikakusomesha wewe.

Juma lililopita nilijikokota mpaka kwa Marsela, mjane wa Telesfori. Anaishi upande wa pili wa shule, na kengele ile ile anaisikia kila siku. Alikuwa anapeta mchele. Nikamwambia yote haya, nimesimama kwa fimbo. Hakuacha kupeta. Nilipomaliza akasema, "Shemeji, kaa, utaanguka." Nikakaa. Akasema, "Najua. Damiano aliniambia kabla hajaenda Inyonga. Aliniapisha nisiseme. Alisema, huyu ndiye pekee atakayemsomesha Pelagia, mkimwangusha yeye mtoto ataangukia wapi?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia hata siku moja kwamba anajua. Akanitazama.

"Wewe si ulisema ngoja? Basi nami nikangoja."

Kengele hailii usiku, mwanangu. Mizimu ingekuwa na huruma ingekuja usiku, mtu akasema ameota. Hulia saa nne asubuhi, jua limewaka, kuku wanaparua uani. Mtoto wa zamu hupiga apendavyo, lakini mimi nasikia mbili, halafu tatu, kisha nakaa nasubiri. Mkono wangu unashika kitu ambacho hakipo. Wakati mwingine nanyanyuka kitini. Watoto wameniona, ndio mchezo wao: mmoja anapiga, mwingine anajifanya mimi.

Sasa juu ya kura. Nilikujibu vibaya. Njia ya mkato ya mtu anayetaka kuokoa jasho lake, iondoe, itamkata mtu mguu. Lakini nilishindwa kutofautisha mtu anayefupisha kwa uvivu na mtu anayefupisha kwa sababu pumzi imekwisha. Nilizifuta zote mbili kwa kitambaa kimoja kwa kuwa ubaoni zilifanana.

Barua hii msomee mama yako au usimsomee. Peleka unakotaka. Sikuombi unisamehe kwa barua.

Evarist


Litapunga, 19 Oktoba 1975

Pelagia,

Sijapata jibu, na sikulaumu. Naandika nimelala, mama yako amenishikia ubao chini ya karatasi. Ni ule ubao wa zamani wa kengele, hakupata mwingine.

Mwalimu mkuu alikuja. Nimemwomba kitu kimoja: awafundishe watoto kengele ya mfululizo, kwamba siku ya moto au ya simba waitikise bila kuhesabu. Alikubali upesi, nadhani kwa kumhurumia mgonjwa. Jana walijaribu. Watoto walitoka mbio wote, wanapiga makelele na kucheka, hata wa darasa la kwanza. Nilisikiliza mpaka mwisho. Haikuwa na sehemu ya kusubiri.

Limebaki jambo moja ambalo Marsela hakulijua, na ni lako peke yako. Jioni moja kabla baba yako hajaenda Inyonga alikuja nyumbani. Wewe ulikuwa umelala. Hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni, akaniambia


Praha, 8 Novemba 1975

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako imefika. Imekatikia mlangoni. Mama ameandika pembeni, kwa herufi zake kubwa, "Kalamu imemtoka. Bado anapumua. Naituma hivi hivi."

Sikukujibu ile ya Agosti kwa sababu kila nilipoanza, niliandika mambo ambayo mtu hamwandikii mzee anayekufa. Niliyaandika na kuyachana. Nilimkasirikia mpaka na Baba yangu, kwa kuniuza bei nzuri bila kuniuliza. Cyriaque alikuwa ananiletea chai na kuiweka sakafuni nje ya mlango.

Mama nimemwandikia kila kitu. Kwa hiyo unapoona anakushikia ubao ule, ujue anajua. Bado anaushika.

Kura tulipiga. Njia zangu za kuacha maneno nimeziondoa mwenyewe, kwa mkono wangu, na Profesa alinipongeza. ZIMA nilisema ibaki. Akaniuliza, mashine itajuaje ni tanuru lipi, ni nani anasema, ana sababu gani? Nikamwambia haitajua. Itazima kwanza, maswali yatakuja baadaye, na watu wa kuyauliza watakuwepo. Akataka mfano. Nikaanza kwa Kicheki, nikashindwa, nikasema kwa Kiswahili mbele ya watu ambao hawakielewi: mbili, kisha tatu, kisha kaka akasema ngoja, wakangoja. Cyriaque akawatafsiria. Alitafsiri kila neno, Baba Mkubwa. Na lile uliloliacha wewe pia. Tulishinda kwa kura moja.

Sijui Baba alikuambia nini mlangoni. Juzi usiku na jana mchana nilijikuta nimekaa nasubiri barua nyingine ije kuimalizia, mkono uko juu ya meza, kama wewe. Nikaogopa. Nikainuka.

Sihitaji sehemu ya mwisho ili nijue kwamba unaita.

Nimekopa nauli. Ndege ni Alhamisi mpaka Dar es Salaam, kutoka hapo treni mpaka Tabora, na Tabora nitadandia ya Mpanda hata kama ni ya mizigo. Huenda nitafika kabla ya barua hii. Huenda nitakuta kengele imenyamaza na Mama amekaa nje. Nimelifikiria hilo pia, na sikulingojea jibu lake.

Kama bado unapumua, usijitese kumaliza sentensi. Ukisikia mtu mlangoni, mwache aingie.

Pelagia, binti wa Damiano